Saa ya sola haili kila betri

Baba mdogo alikuja kwangu Nyakato asubuhi moja akitokea Igombe, saa yake imefungwa kwenye leso kama mtu aliyebeba jino lililong'oka. Nilimwamkia, akaitika huku keshaifungua leso mezani.

"Mwanangu, hii si ulisema ni ya sola? Sasa sola gani inayokufa kwenye jua la Mwanza?"

Saa hiyo nilimpa mimi, miaka tisa iliyopita, nikijisifu kwamba hatanunua betri tena maishani. Ni ya tarakimu, nyeusi, ya kampuni ya Casio, mkanda wa mpira, na ukingo wa kioo umezungukwa na paneli. Kioo kilikuwa kitupu. Hata ukiibonyeza taa, haikujibu.

Swali lake lina majibu mawili. La kwanza ni kwamba jua la Mwanza halimfikii mvuvi wa dagaa, angalau si mkononi. Anaingia ziwani jioni, anafanya kazi usiku wa giza kwa sababu dagaa hufuata taa, anarudi mwaloni alfajiri, analala mchana. Akiwa kazini, saa imo chini ya mkono wa koti la mvua. Akilala imo kwenye kopo pamoja na vocha za zamani na kitambulisho. Miaka yote hiyo ilikuwa inaishi kwa mwanga wa kubahatisha.

La pili ndilo linalowachanganya wengi, na mimi nilikuwa mmojawapo. Jua haliendeshi saa ya sola. Kinachoiendesha ni betri, na kazi ya jua ni kuijaza hiyo betri. Mwenye sola ya nyumbani analielewa hili bila kufundishwa: kuna paneli juu ya bati, kuna kidhibiti chaji ukutani, kuna betri sakafuni, na taa inawaka usiku kwa sababu ya betri. Ndani ya saa vipo vitu hivyo hivyo vitatu, vimepunguzwa hadi vikatosha kwenye kifundo cha mkono. Betri yake, kama ile ya simu, huzeeka. Baadhi hudumu miaka kumi, baadhi ishirini, na inayoachwa tupu kwa miezi mingi gizani hufa mapema kuliko zote.

Paneli yenyewe huwezi kuiona kwa urahisi. Kwenye saa ya tarakimu ni ule ukingo mweusi au wa kahawia unaozunguka namba. Ukiuinamisha kwenye mwanga unaona mistari myembamba inayougawa vipande. Kwenye saa ya mishale imejificha chini ya uso, na uso huo umetengenezwa upitishe mwanga kidogo ingawa kwa macho unaonekana mzima. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Citizen ilipotoa saa yake ya mishale ya sola mwaka 1976, vipande vya paneli vilikuwa waziwazi usoni, na miaka minne kabla ya hapo Mmarekani Roger Riehl alikuwa ameshauza saa yake ya tarakimu ya sola, Synchronar, iliyokuwa na paneli juu kama paa la nyumba.

Mwanga wenyewe tunaudhania vibaya kwa sababu macho yetu yanajirekebisha. Jua la mchana, ukilipima kwa laksi, kipimo cha mwanga, linafika 100,000 hivi. Siku ya mawingu utapata 10,000 hivi. Ofisi yenye taa nzuri ina 500 hivi, yaani sehemu moja kati ya mia mbili za jua lile, ingawa unasoma gazeti bila shida. Kwenye chumba chenye dirisha dogo na pazia, saa inaokota makombo tu. Haifi siku hiyo, kwa sababu inatumia umeme mdogo mno, lakini haishibi.

Hapa nikumbushe jambo ambalo wa rika langu watalicheka. Zamani betri za redio zikichoka tulizianika juani, na kweli redio ilirudi kusema, taarifa ya habari ikasikika hadi mwisho. Wengi bado wanaamini zile betri zilikuwa zinachajiwa na jua. Hapana. Joto liliamsha kemikali zilizobaki ndani zikafanya kazi kwa muda mfupi, basi. Hakuna umeme ulioingia. Ninalitaja kwa sababu imani hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mtu achukue betri yoyote ya duara, aiweke kwenye saa ya sola, kisha asubiri jua limalizie kazi.

Kabla ya kugusa bisibisi, saa ipewe chakula kwanza. Nyingi zinazoletwa zikiwa "zimekufa" zina njaa tu. Saa za mishale za Citizen na Seiko hutoa ishara: mshale wa sekunde huacha kwenda moja moja, ukaanza kuruka sekunde mbili kwa mkupuo. Hapo saa inaomba mwanga, haijaharibika. Saa nyingi za Casio za tarakimu zina herufi H, M na L pembeni, H ikiwa imeshiba na L ikiwa hoi, na zikizidiwa huzima taa na kengele ili zibaki na nguvu ya kutunza muda. Mtu anayewasha taa ya saa mara ishirini usiku mmoja, kama wanavyofanya ziwani, anaweza kuona neno RECOV likitokea. Hapo betri imechoka kwa muda, iache ipumue.

Nilimwambia Baba aiache kwangu siku nne. Niliianika asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa nne, kwenye kizingiti cha dirisha. Jua la mchana kwenye majabali yetu nililikwepa makusudi. Watengenezaji wanaonya saa isichajiwe mahali panapofika nyuzi joto 60, na mpira mweusi uliolazwa juu ya jiwe la Mwanza saa saba mchana unaukaribia moto huo bila wewe kujua. Dashibodi ya gari ni mbaya zaidi. Betri hujazwa na mwanga, joto linaizeesha.

Siku ya pili namba zilionekana. Siku ya nne ilisoma H. Niliifunga kwenye droo jioni hiyo, na asubuhi kioo kilikuwa kitupu tena. Huo ndio ushahidi. Saa ya aina hii ikishiba hukaa gizani miezi kadhaa. Iliyoshindwa kulala usiku mmoja, betri yake haishiki tena chaji. Kama ningeanza kwa kufungua mfuniko nisingejua lolote kati ya hayo.

Sasa tufike kwenye betri, mahali ambapo fedha na saa hupotea.

Kosa la kuweka betri yoyote inayotoshea nilishalifanya kwa saa yangu mwenyewe, kabla ya hii ya Baba. Nilifungua, nikatoa betri, nikaenda nayo dukani mjini. Muuzaji aliiweka juu ya kaunta, akaweka nyingine kando yake, akazigonganisha ukingo kwa ukingo. Zilitoshana kabisa. Yangu iliandikwa CTL1616, yake CR1616. "Ni ileile," akasema, na mimi nikakubali kwa sababu namba zilikuwa zinalingana.

Namba zinalingana kwa sababu zinataja umbo tu. Namba 16 ya mwanzo ni kipenyo cha milimita 16, na 16 ya mwisho ni unene wa milimita 1.6. Habari ya kilichomo ndani iko kwenye herufi, na herufi ndizo tulizozipuuza. CR ni betri ya lithiamu ya kutumia na kutupa, ya volti 3. CTL ni betri ya lithiamu ya kuchaji, ya volti 2.3. Ni kama madumu mawili ya lita tano, moja la maji na jingine la mafuta ya taa: ukubwa ni mmoja, lakini chai utaipika na lipi?

Kilichonidanganya zaidi ni kwamba ilifanya kazi. Iliwaka papo hapo, ikasoma H, na kwa miezi mitano nikawa namwona fundi yeyote anayeshauri CTL kuwa mwizi, maana CTL ni ghali mara kadhaa na kuipata ni kazi. Leo naelewa kilichokuwa kikitendeka. Sakiti ya saa huacha kuchaji betri inapofika kiwango chake cha juu, na kiwango hicho kiko chini ya volti 3. Ilipoikuta CR mpya iliiona imejaa pomoni, ikaufunga mlango wa paneli. Saa yangu ya sola ilikuwa inaishi kama saa ya kawaida, inakula akiba. Na akiba ilikuwa kubwa: CR1616 hubeba miliampia-saa 50 na ushee, CTL1616 18 hivi tu. Ndiyo maana utasikia mtu anaapa kwamba yake aliweka CR na inadunda. Anasema kweli, kwa wakati huo.

Volti ziliposhuka, sakiti ikaona njaa na kufungua mlango. Umeme wa paneli ukaanza kuingia kwenye betri isiyojengwa kuupokea. Na mimi, nilipoona kioo kinafifia, nikaianika juani kwa bidii zote. Nilipokuja kufungua, betri ilikuwa imevimba kama kopo la maziwa lililoharibika, na kile kibanio cha bati kinachoishika kilikuwa kimepinda juu. Bahati haikupasuka. Saa ile sasa ni stoo yangu ya skrubu.

Kwa saa za mishale mtego ni uleule kwa majina mengine. Nyingi hutumia betri za kuchaji za volti 1.5 zinazoanza na MT, kama MT621 na MT920. Kando yake dukani ziko SR621SW na SR920SW, betri za oksidi ya fedha za kutupa, volti 1.55, umbo lilelile. Volti zinakaribiana mno hata mita ya kupimia umeme haikuokoi. Ukiilazimishia SR chaji, hutoa gesi na kuvuja, na kimiminika chake ni cha kula shaba: unakuta unga wa kijani na njia za sakiti zimekatika.

Watengenezaji wenyewe wameweka kizuizi. Betri nyingi za sola za Citizen huja na kibati chembamba kilichochomelewa juu yake kiwandani, na mkono wa kibati hicho ndio unaoingia mahali pake. Betri tupu bila kibati haigusi popote. Nimeona watu wakijaribu kukihamisha kibati cha zamani kwa gundi, na mmoja kwa risasi na pasi ya kuchomelea. Usifanye. Joto la pasi linatosha kuilipua betri ndogo usoni kwako. Nunua yenye kibati chake. Ili kuipata, soma mfuniko wa nyuma: herufi na namba zilizo kabla ya kistari, kwa mfano V157 kwenye baadhi ya Seiko, ndizo jina la mashine iliyomo. Ulizia betri ya mashine hiyo; ukitaja jina la kampuni na rangi ya saa hujasaidia kitu. Za Citizen zina namba ya spea inayoanza na 295.

Ya Baba niliagiza kupitia mtu anayeleta mizigo kutoka Dar es Salaam, na ilipofika niliangalia mambo mawili kabla ya kumlipa: herufi CTL zilizochongwa kwenye chuma chenyewe, maana pakiti inaweza kuandikwa lolote, na volti kwa mita. Ilisoma 2.3 na kitu. Ingesoma 3.2 ningejua ni CR iliyobandikwa jina.

Kuibadilisha kulichukua dakika ishirini, na kumi kati ya hizo nilikuwa nimepiga magoti.

Nilitandika taulo jeupe mezani. Si urembo, skrubu ikianguka kwenye taulo hairuki. Watoto niliwatoa nje ya chumba, na hapa sitanii: betri ya duara ikimezwa inaweza kukwama kooni na kuanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza, hata kama anacheka na kucheza, ni hospitali muda huo huo. Betri iliyotoka ni hatari kama mpya, kwa hiyo niliifunga na selotepu pande zote mbili pale pale.

Mfuniko wa nyuma ulikuwa na skrubu nne ndogo, zimezibwa na mchanga na magamba. Nilizisugua kwa mswaki mkavu, nikatia tone la mafuta ya cherehani, nikangoja. Bisibisi ikiwa kubwa au butu itakila kichwa cha skrubu na hapo huna tena saa ya kufungua nyumbani. Chini ya mfuniko kulikuwa na kipande cha mpira cha kupokea mshtuko. Kabla ya kukiondoa nilipiga picha kwa simu, na nilipokiinua, springi ya mlio ikaruka.

Springi hii ina urefu unaokaribia punje ya mchele na wembamba wa uzi. Inasimama wima kwenye kitobo na kugusa mfuniko ili mlio wa kengele usikike. Hakuna anayekwambia kwamba ipo. Ndiyo iliyonipigisha magoti. Niliipata kwenye upindo wa zulia kwa tochi ya simu iliyolazwa sakafuni, mwanga ukipita chini chini.

Betri hushikwa na kibanio cha bati chenye ndoano upande mmoja. Unakisukuma kidogo kwa ncha ya bisibisi, kinajinasua. Betri nilitoa kwa kibano cha plastiki, maana cha chuma kikigusa juu na ubavuni kwa pamoja kinaunganisha chanya na hasi. Mpya niliipangusa kwa kitambaa safi, nikaiingiza bila kuishika kwa vidole, nikakirudisha kibanio hadi kikalia.

Kioo kikabaki kitupu. Wengi hukata tamaa hapa na kudai wameuziwa betri mbovu. Karibu na betri, mashine za Casio zina herufi AC kando ya kitobo kidogo. Hapa sasa ndipo kibano cha chuma kinapohitajika: ncha moja kwenye kitobo hicho, nyingine juu ya betri, sekunde mbili, toa. Ni kama kumgutusha mtu aliyezimia. Namba zote zikawaka kwa pamoja, kisha saa ikaanza upya kuhesabu kutoka sifuri.

Kilichobaki ni ringi ya mpira inayozuia maji, na kwa mtu wa ziwani hiyo ndiyo saa yenyewe. Ya Baba ilikuwa imebonyea na kupasuka nywele nywele, nikaweka mpya. Hupakwa grisi ya silikoni, kidogo tu, hadi ing'ae. Mafuta ya kujipaka na ya kula yaache jikoni, yanaweza kuharibu mpira. Ringi ikae kwenye mfereji wake bila kujikunja, unywele mmoja ukibanwa hapo maji yamepata njia. Skrubu hukazwa kwa kupishana, kona kwa kona, usimalize moja kabla ya nyingine kugusa.

Je, inazuia maji kama zamani? Kwa kazi ya mezani huwezi kuthibitisha. Ipo njia ya kukagua unyevu: ipashe saa joto la mkono, weka tone la maji baridi juu ya kioo dakika moja, futa. Kioo kikifuka ukungu kwa ndani, kuna unyevu umeingia. Lakini kutofuka hakumaanishi itavumilia mita kumi za maji. Hilo hupimwa kwa mashine ya shinikizo. Nilimwambia Baba mvua na kunawa ruksa, kupiga mbizi kufungua wavu hapana. Aliguna. Nadhani hatanisikiliza.

Betri mpya haiji imejaa, hivyo ilikaa dirishani siku tatu nyingine. Kisha nikaifungia kwenye droo wiki nzima. Ilitoka inasoma H.

Alipokuja kuichukua nilimweleza kwamba asiirudishe kwenye kopo, kwamba mchana anapolala saa ibaki mahali penye mwanga. Alifikiri kidogo. "Basi si mama yako mdogo ndiye mwenye jua," akasema. Sasa asubuhi saa inafungwa kwenye mti wa kichanja cha kuanikia dagaa, uso juu, mama mdogo anaitoa kivulini anapomaliza kugeuza dagaa kwa mara ya kwanza, kabla jua halijawa kali. Inanuka, lakini inasoma H.